Bushi za Lango Kuu

Wakala aliruka ukuta.

Nyenje akaruka nyuma yake.

Upande wa pili palikuwa na uchochoro mwembamba kati ya magodauni mawili, maji ya mvua yakipita katikati, na mwisho wake pikipiki aina ya Honda ikinguruma bila mtu juu yake. Anayeacha injini ikiwaka asubuhi ya mvua ni mtu anayejua kwamba atakimbia. Wakala alikuwa na miguu mirefu na begi jeusi mgongoni. Nyenje alikuwa na ovaroli iliyolowa, buti za karakana, na bastola ya Beretta ambayo hakuthubutu kuifyatua, maana godauni la kushoto lilijaa mitungi ya gesi.

"Sema," sauti ya Shangazi ilimfikia kupitia kifaa kidogo sikioni.

"Namwona."

"Begi?"

"Analo."

"Begi kwanza. Mtu baadaye."

Shangazi alikuwa mkuu wa Idara, ile ya usalama. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote, na kama alikuwa na jina, basi alilala nalo peke yake. Naye ndiye aliyempa Nyenje jina hilo, kwa sababu nyenje unamsikia, lakini ukimtafuta humwoni.

Wakala alirukia pikipiki. Nyenje hakulenga mtu wala tairi. Aliudaka mkanda wa begi kwa mikono miwili, kisha akajiachia chini kwa uzito wake wote. Mkanda ukakatika. Pikipiki ikaenda na mtu wake, begi likabaki na Nyenje, na Nyenje akabaki na matope mpaka masikioni.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Za Wakala zilikuwa bado na nafasi.

Alifungua zipu. Kwa miezi kadhaa Idara ilikuwa imeapa kwamba karakana ile ya vipuri ilikuwa ikipitisha kitu. Labda silaha, labda baruti. Ndiyo maana Nyenje alifundishwa kukereza, akaajiriwa pale kama fundi, akavumilia vumbi na utani wa mafundi huku akimfuatilia Wakala, mtu mwenye tabasamu zuri aliyeleta mali kutoka kwa wauzaji wa ng'ambo. Asubuhi hii alimfumania stoo, peke yake, begi likiwa wazi.

Ndani ya begi hakukuwa na bunduki.

"Nini ndani?" Shangazi aliuliza.

"Rangi."

"Rangi?"

"Makopo mawili," Nyenje alisema. "Nyekundu na kijani. Na brashi."

Shangazi alisema, kwa ule upole wake unaouma kuliko matusi, kwamba Idara imeshawahi kukamata majambazi na imeshawahi kukamata wapelelezi, lakini kukamata rangi ndiyo mara ya kwanza. Nyenje alitaka kucheka pia. Kisha akakumbuka rangi ya kijani ina maana gani katika karakana ile.

Alianza kukimbia kurudi alikotoka.

Karakana ile ilikereza plastiki. Si plastiki ya ndoo na vikombe. Ni zile ngumu zinazochukua nafasi ya shaba na chuma ndani ya mapampu na mitambo, zinazobeba mzigo mwaka baada ya mwaka bila kudai grisi. Zilikuja kama magogo meupe, na hapo ndipo penye balaa, maana nailoni ni nyeupe na asetali ni nyeupe, na kwa macho matupu huwezi kuzitenganisha. Kwa hiyo kila gogo lilipofika lilipakwa rangi mwisho mmoja. Nyekundu kwa nailoni. Kijani kwa asetali. Na fundi alikata siku zote kutoka upande usio na rangi, ili alama ibaki mpaka kipande cha mwisho. Ilikuwa sheria ya kwanza aliyofundishwa mtu pale, kabla hata ya kuonyeshwa choo.

Nyenje alifika kwenye rafu akihema. Alivuta gogo lenye kijani na kuligeuzia kwenye mwanga.

Chini ya rangi palikuwa na mistari ya msumeno.

Magogo hutoka kiwandani ncha zikiwa laini. Hakuna fundi wa pale ambaye angekata upande wenye rangi. Kwa hiyo mtu mwingine, asiye fundi, alikata ncha nyekundu akaitupa, akapaka kijani juu ya mkato. Nyenje alivuta gogo lenye nyekundu. Mistari ileile. Wakala alikuwa amebadilisha rangi zote mbili, na leo alirudi kuzirejesha, ili baada ya maafa kila kitu kionekane sawa na lawama imwangukie fundi aliyechagua vibaya.

Na fundi huyo ni nani?

Nyenje alikaa juu ya kreti. Wiki zilizopita, siku bosi wa mafundi alipokuwa ameshikwa na jino, ilikuja kazi ya bwawa la mto. Bushi mbili za asetali, zile pete nene ambazo ekseli huzungukia ndani yake, kwa lango kuu la kutolea maji. Nyenje alitazama kijani, akakata, akakereza, akapima, akajisifu. Kazi ilikuwa safi mno. Alizipeleka mwenyewe.

Bosi wa mafundi, ambaye kila mtu alimwita Mjomba, aliingia akiwa amefungwa kitambaa tangu kidevuni hadi utosini. Shavu lake lilikuwa limevimba kama mkate. Alitazama matope, akatazama Beretta mkononi mwa fundi wake, akauliza hiyo ni ya kukerezea nini. Nyenje alimweleza yote kwa maneno machache. Kisha akasema lile zito zaidi.

"Mjomba, bushi za bwawa nilikereza mimi."

"Zilipokuwa zikikerezwa, taka zilitoka vipi?"

"Nyuzi. Ndefu."

"Asetali hutoa nyuzi ndefu?"

"Hapana. Nilidhani kisu kimepoteza ukali."

Mjomba hakumtukana, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema tu, "Leta kiberiti."

Alichonga kipande chembamba kutoka gogo la kijani, akakiwasha, akakipuliza. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumba. Nailoni. Akachonga kingine kutoka gogo la nyekundu. Moto wake ulikuwa wa bluu, hafifu kiasi cha kutoonekana, na moshi uliwachoma macho wote wawili wakarudi nyuma. Asetali.

Nailoni si plastiki mbaya. Lakini ina tabia moja: inakunywa maji. Ukiikereza ikiwa kavu, inakaa kwenye ekseli bila lawama, na siku ya majaribio lango linapanda na kushuka, wakubwa wanapiga makofi. Kisha inakaa wiki baada ya wiki katika chumba kinachovuja chini ya bwawa. Inakunywa. Inavimba. Tundu linabana. Siku unayolihitaji lango, bushi imeikumbatia ekseli na haitaki kuiachia.

"Shangazi, piga bwawani," Nyenje alisema. "Waambie wajaribu lango sasa hivi."

Jibu lilirudi haraka kuliko alivyotaka. Wamejaribu. Mota inanguruma, kisha umeme unajikata. Ekseli haizunguki hata kidogo. Maji yamebakiza viganja viwili kufika ukingoni, mvua ya milimani bado inashuka, na bwawa ni la udongo; yakipita juu yake, yataondoka nalo.

Sauti ya Shangazi haikuwa na mzaha tena. Alisema ipo kampuni moja ya ng'ambo iliyotaka kuchimba madini bondeni, na watu wa mji wa bondeni wakakataa kuhama. Ofisi yake hapa jijini ndiyo inayomlipa Wakala; Idara ilijua hilo, haikujua ni kwa kazi gani.

"Maji yatawahamisha," Nyenje alisema.

"Ndiyo hesabu yao. Tumeanza kuwatoa watu, lakini daraja limeshafunikwa. Wengi hawatawahi. Lango lisipofunguka leo mchana, mji hakuna."

Katika mji huo alikuwemo mama yake Nyenje.

Alimpigia kwa Nokia yake ndogo, ile isiyo ya kazi. Mama alijua binti yake anauza majokofu.

"Mama, toka hapo. Panda kilima cha shule sasa hivi."

"Wameshapita na kipaza sauti. Wanasema lango limegoma."

"Ndiyo. Toka."

"Nani anakwenda kulifungua?"

Nyenje angeweza kudanganya. Ndiyo kazi aliyolipwa kuifanya kila siku.

"Mimi."

"Nina jirani hapa asiyeweza kutembea," Mama alisema. "Nilikuwa nawaza nimwache au nisimwache. Kama ni wewe unayefungua, tutakaa naye tungoje."

Akakata simu. Nyenje alipiga tena, haikupokelewa. Aliogopa kama alivyokuwa hajaogopa mbele ya mtutu wowote. Mama alimwamini fundi ambaye ndiye aliyelifunga lango lenyewe.

"Funga gogo," Mjomba alisema.

Walichukua asetali halisi, ile yenye nyekundu ya uongo. Nyenje aliikaza kwenye taya za mashine, na Mjomba akailegeza kidogo, maana plastiki ukiibana kama chuma inakuwa yai. Unakereza duara, ukiifungua unakuta si duara tena. Kisu kipya, chenye makali ya wembe. Mashine ikaimba. Safari hii taka zilitoka vipande vifupi, vyeupe, vikimwagika kwenye trei kama chumvi.

"Muda," Shangazi alisema sikioni.

"Nakereza."

"Kiganja kimoja na nusu."

Nyenje alitoboa tundu la katikati, akalipanua, akaisimamisha mashine. Akaichukua venia yake ya Mitutoyo kupima. Mjomba akaweka kiganja chake juu ya kipimo.

"Bado ya moto."

"Mjomba, watu watakufa."

"Plastiki ya moto inadanganya. Tundu limetanuka. Ukipima sasa utalipenda, ukifika bwawani limepoa limebana, na utakuwa umewapelekea bushi ileile kwa rangi nyingine. Ngoja."

Wahenga walituachia methali za pande zote mbili. Walisema haraka haraka haina baraka, na walisema ngojangoja huumiza matumbo. Mchana ule zote mbili zilikuwa kweli kwa wakati mmoja, na Nyenje alisimama katikati yake, bomba la hewa mkononi, akipuliza bushi ipoe. Ovaroli ya juu alikuwa ameivua na kuitundika msumarini. Beretta ilikuwa mfukoni mwa ovaroli hiyo.

Mashine ilikuwa kimya. Kwa sababu hiyo walisikia mlango wa nyuma ukisogezwa.

Wakala aliingia akiwa na Glock na lile tabasamu lake. Maji yalimdondoka kwenye ncha ya pua. Alimwelekezea Mjomba mtutu, akasema kwa adabu kabisa kwamba anaomba hicho kitu kilicho kwenye mashine, na kwamba asingependa kumwua mgonjwa.

Nyenje alipima umbali wa msumari. Mbali mno.

"Mpe," alisema.

"Bado ya moto," Mjomba alisema. Sijui kama alikuwa anacheza au alikuwa anamaanisha. Mafundi wa aina ile hata mbele ya kaburi wangeuliza limechimbwa kwa kipimo gani.

Wakala aligeuza macho kuitazama bushi. Nyenje akageuza bomba la hewa, akalielekeza kwenye trei, akabana kifyatuo mpaka mwisho.

Trei nzima ya vipande vyeupe ikaruka usoni kwa Wakala. Risasi ikapiga bati. Alirudi hatua akijifuta macho, na hapo Mjomba, mzee mwenye jino bovu, akainua kipande cha gogo la nailoni na kumshushia nacho begani. Glock ikaanguka. Pigo la pili likamlaza mwenyewe.

"Kwa kugonga," Mjomba alisema akihema, "nailoni haina mpinzani."

Walimfunga kwa waya kwenye mguu wa mashine ya kutobolea. Nyenje aliupiga teke mtutu uende chini ya rafu, akaripoti kwa Shangazi, kisha akagusa bushi kwa mgongo wa mkono.

Ilikuwa imepoa.

Alipima. Tundu lilikuwa limepungua, kama Mjomba alivyosema. Alilipanua kwa kisu chepesi, akapuliza, akangoja, akapima tena. Sawa. Ya pili ilikwenda haraka zaidi, maana sasa alijua pa kuvumilia. Mwishoni wakazipasua kila moja katikati kwa msumeno mwembamba, ziwe nusu mbili, ziweze kuvishwa ekseli bila kuing'oa. Ufa mwembamba kama ule hauna neno, Mjomba alisema, mradi uelekee ubavuni na si palipo na mzigo.

"Nusu kiganja," Shangazi alisema.

Hilux ya karakana ilipanda barabara ya bwawa ikipiga chafya. Mjomba aliendesha kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa shavuni. Nyenje, aliyekwisha kuivaa tena ovaroli yake, alizipakata zile nusu nne zikiwa zimefungwa kwa kitambaa kikavu. Upande wa kushoto bwawa lilikuwa limejaa hadi kutisha, maji ya kahawia yakiwa sawa na barabara. Upande wa kulia, chini kabisa, yalionekana mapaa ya mji. Hakutazama kulia mara mbili.

Opereta wa lango aliwapokea mlangoni, mwanamke mnene mwenye tochi kichwani ambaye hakusalimu wala kuuliza. Aliwashusha kwa ngazi ya chuma hadi kwenye chumba cha ekseli. Maji yalifika magotini. Kuta zilitoa jasho. Ekseli ilipita katikati ya chumba, nene kama paja, na kila mwisho ulikaa ndani ya kikombe cha chuma chenye kifuniko.

Walifungua kifuniko cha kwanza. Bushi ya Nyenje ilikuwa pale, nyeupe, safi, imeing'ang'ania ekseli hata unyoya usingepita. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Aliichukia.

Plastiki ina fadhila moja ambayo shaba haina: inakatika. Nyenje aliingiza msumeno wa chuma, akakata. Nailoni ikaubana msumeno. Akauchomoa, akaanza upande mwingine, vidole vikichubuka kwenye kikombe. Opereta alimmulikia. Mjomba alipiga patasi kwenye mkato, na bushi ikapasuka kwa mlio wa mfupa. Opereta akaiinua ekseli kidogo kwa jeki, wakazivisha nusu mbili mpya, ufa ubavuni, kifuniko juu, nati zikakazwa.

Mwisho wa pili maji yalikuwa kiunoni.

"Yanagusa ukingo," Shangazi alisema. Kwa mara ya kwanza Nyenje alisikia pumzi yake. "Nyenje. Yanagusa."

Hakujibu. Nusu ya mwisho ilimponyoka, ikazama. Asetali haielei. Alipiga mbizi kwenye maji meusi, akapapasa sakafu, akagusa nati, akagusa buti la Mjomba, akagusa kitu laini chenye ukingo uliochongwa na mikono yake. Akainuka nacho mdomo umejaa maji machafu. Mjomba akakipokea, akakifuta kwa kile kitambaa cha shavuni, akakiweka mahali pake.

"Washa!" Opereta alipaza sauti kwenye redio yake ya Motorola.

Mota ikanguruma. Ekseli ikatetemeka, ikasita.

Nyenje aliweka kiganja juu ya kifuniko na kuhesabu dhambi zake.

Ekseli ikageuka.

Kwanza polepole, kama mzee anayeamka kitini, kisha bila kusita tena. Kutoka upande wa pili wa ukuta kukaja mngurumo uliojaza chumba mpaka hakuna aliyemsikia mwenzake. Opereta alikaa kwenye ngazi akalia waziwazi. Mjomba aliinamisha kichwa ubavuni mwa kikombe, akasikiliza mzunguko, akainua kidole gumba.

Walipotoka nje maji yalikuwa yanapita chini ya lango yote kwa pamoja, mazito, na ule mstari wa ukingoni ulikuwa umeanza kushuka. Shangazi alisema Wakala amechukuliwa na amekwisha kuanza kuongea. Vijana wake wapo kwenye ofisi ya kampuni, na wakubwa wa pale wamekutwa wakitazama saa. Alitaka Nyenje arudi Idarani mara moja kwa maelezo.

Nyenje alipiga simu nyingine kwanza. Ililia sana kabla ya kupokelewa.

"Mama. Limefunguka."

"Tumesikia. Mto umepanda mpaka kwenye ngazi ya mlango, ukasimama, sasa unarudi."

Nyenje alishika reli ya bwawa. Angeweza kuishia hapo.

"Mama, vipuri vilivyolifunga lango, nilivitengeneza mimi. Nilidanganywa, lakini mikono ni yangu."

Mama alifikiri.

"Na vilivyolifungua?"

"Mimi pia."

"Basi wewe na lango mmemalizana. Sasa njoo. Jirani nilimpandisha juu ya meza peke yangu, mgongo wangu umekwisha, na yeye kushuka hawezi."

Nyenje alicheka, na kucheka kukageuka kitu kingine, akageuza uso upande wa mvua ili Mjomba asione. Kisha akamwambia Mjomba apande Hilux aende moja kwa moja kwa daktari wa meno.

"Nyenje," Shangazi alisema sikioni. "Unakwenda wapi?"

"Kumshusha mtu mezani."

Alikichomoa kile kifaa sikioni, akakitia mfukoni pamoja na Beretta, akashuka kwa miguu barabara ya kuelekea mjini, mikono mifukoni, bila kugeuka nyuma.